Nguzo ya Mpingo Mbichi

Masasi
5 Juni 1955

Kwa Fakihi Chiwalala, fundi seremala wa Newala, au kwa maiti yake,

Mtani, nimefika nyumbani salama na hasira zangu zote. Mji mzima unanicheka. Barua inakuja kwa jina la binti yako Sikudhani, "Baba ametutoka, njoo haraka", nami mjinga naomba ruhusa kwa Sista Dorothy wa kliniki, nanunua sanda ya kitambaa safi cha marekani, napanda basi mpaka Newala nikilia njia nzima na abiria wakinipa pole. Nafika kwako nakukuta barazani unakula ugali na kisamvu, unaniuliza kama nimemletea marehemu kitoweo. Kisha ukaninyang'anya sanda mkononi, ukasema hiyo ni haki ya mtani na hairudi.

Sawa. Babu zenu Wamakonde walipanda huko juu na kujificha vichakani kwa kuwakimbia babu zetu Wangoni. Naona huko vichakani hawakukaa bure, walikuwa wanasomea uongo. Lakini jua kwamba nitakulipa, na siku nitakapokulipa utalia kama nilivyolia mimi.

Sasa nina shida. Gari la Sista unalijua, lile lililonunuliwa mnadani Nachingwea, analozungukia vijijini na kulala humo humo, lenye kitanda, jiko la mafuta na makabati ya dawa. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, ukawa kama paa, na chini ya paa hilo ndipo mke wangu Severina anapowapima watoto uzito. Ni bamba zito la chuma, tena kwa ndani limepigiliwa rafu za chupa, kwa hiyo tunaunyanyua watu wawili na bado tunaguna. Chuma kilichokuwa kikiushikilia kimekatika. Barua imekwenda Uingereza kuomba kingine, na meli haina haraka. Nitengenezee nguzo ya mti mgumu wa kuuzuia usianguke, tena upesi, maana tunatakiwa kwenda Lupaso. Vipimo nimevichora nyuma ya karatasi hii.

Severina anakusalimu. Anasema yeye alijua toka mwanzo kwamba hukufa, ila alipenda kuniona nikilia.

Mtani wako,
Reginald Gama, dereva


Newala
11 Juni 1955

Kwa Reginald Gama, mjukuu wa wezi wa ng'ombe,

Salamu zako zimefika kaburini. Sanda nimeitundika ukutani, na kila mgeni anayeingia namwonyesha: hii ililetwa na Mngoni mmoja aliyelia mpaka kamasi zikamwingia mdomoni. Mke wangu alitaka kuishona pazia, nikamkatalia. Ni mali ya utani. Itakaa pale mpaka mmoja wetu aihitaji.

Nguzo nakutumia kwa Yohana, dereva wa basi. Ni mpingo. Mpingo mkavu niliokuwa nao wamenunua wachonga vinyago, na wewe unanikimbiza kama babu yako alivyomkimbiza babu yangu, basi nimekwenda kukata mwingine upande wa Mkunya na kuuchonga hivyo hivyo. Kichwani nimeuvalisha kikombe cha chuma, ukae vizuri kwenye ukingo wa mlango. Chini nimeutoboa tundu, upitishe pini ya kuushika kwenye bampa. Mti wenyewe hata tembo hauvunji.

Msalimu shemeji Severina. Mwambie katika nyumba hiyo ni yeye peke yake mwenye akili, na ni kwa sababu alizaliwa Myao.

Marehemu Fakihi


Lupaso
2 Julai 1955

Marehemu,

Nguzo imekaa. Tuliunyanyua mlango, nikaisimamisha, nikatia pini, na mlango ukatulia kama paa la nyumba. Sista alipiga makofi. Sasa kina mama wa Lupaso wanakaa kivulini chini yake na watoto wao, wanazungumza kama wako msikitini siku ya Maulidi, mpaka Sista anawaomba wapunguze sauti asikie moyo wa mtoto.

Severina ameizoea nguzo yako. Akisimama kuandika uzito huiegemea kwa bega, na anasema mpingo ule ni wa baridi hata jua likiwa kali. Watu wakiniuliza nani kaichonga nawaambia mimi.

Anataka nikuandikie neno la kukusifu. Nimemjibu kwamba Mmakonde akisifiwa huharibika. Basi amesema nikuandikie asante. Hiyo asante ni yake, si yangu, usije ukaitundika ukutani ukasema ya Mngoni.

R. Gama


Newala
30 Julai 1955

Kwa fundi mpya wa Lupaso,

Nimesikia kwamba umechonga nguzo. Vizuri, maana sasa ikivunjika watakufukuza wewe. Kipande kilichobaki nilipoikata nilikitupa uani juani, na jana nimekikuta kimepasuka. Nilikuwa nimekitoboa tundu kwa kujaribia keekee, na ufa umeanzia pale pale kwenye tundu ukapanda juu. Mpingo mbichi una tabia hiyo. Nguzo yako nayo itafanya hivyo jua likizidi. Irudishe nikupe nyingine, au uisaidie na nguzo ya pili, na mtu asikae chini ya mlango. Ukikaa wewe si neno, kichwa cha Mngoni ni kigumu, kitakachobonyea ni mlango, na Sista atakudai.

Na ukifa usinisumbue kwa barua. Sanda yako ninayo hapa, naipangusa vumbi kila Ijumaa.

Marehemu Fakihi


Masasi
9 Agosti 1955

Mtani,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya kina mama wote kliniki. Wamecheka mpaka watoto wameamka. Kwa hiyo mti ambao tembo hauvunji, sasa unavunjwa na jua. Nimekujua. Unataka nikurudishie nguzo uitundike karibu na sanda, uwaonyeshe wageni wako: hii nayo alinipa Mngoni kwa kuogopa kivuli chake. Siirudishi ng'o. Nimeitazama juu mpaka chini, inang'aa kama kiatu cha Bwana DC, haina hata mkwaruzo.

Severina peke yake hakucheka. Jioni aliniambia, "Baba Anjelina, huenda safari hii anasema kweli. Kata hata gogo lolote tusaidizie." Nikamwambia hajui utani wetu, Wayao wanajua kuuza na kununua tu. Akaendelea kuchambua mchele.

R. Gama


Newala
17 Agosti 1955

Baba Anjelina,

Leo sikuiti Mngoni, upate kujua kwamba sichezi. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena nikaichana, maana kila nikishika kalamu kukuandikia wewe mkono unakwenda wenyewe kwenye upuuzi. Ndivyo tulivyozoeana. Leo naandika polepole.

Nguzo ile si salama. Niliikata mbichi kwa ajili ya haraka yako, na kosa ni langu, ningekwambia usubiri. Kipande changu hapa kimeachana pande mbili. Ufa wake hauonekani kwa nje mapema. Unaanzia ndani ya tundu, mahali pini inapopita, kwa hiyo uking'arisha nguzo na kuitazama kila siku hutauona mpaka uing'oe pini. Tafadhali ing'oe utazame. Na mpaka nikuletee nyingine, shemeji asisimame pale.

Wallahi nasema kweli. Naapa kwa uhai wa Sikudhani.

Fakihi Chiwalala


Masasi
25 Agosti 1955

Mtani,

Sasa umekomaa. "Leo sikuiti Mngoni." Nimecheka mpaka nimeshika mbavu. Sikudhani huyo huyo aliniandikia kwamba baba yake amekufa, na leo unaniapia kwa uhai wake. Tena unasema kosa ni lako. Mmakonde akikubali kosa, mwenye akili atazame miguuni mwake kuna mtego gani.

Sing'oi pini. Najua nikiinama tu kuchungulia hilo tundu, kuna mtu umempanga aniangalie, na kesho yake Newala nzima itakuwa inaimba kwamba Mngoni amechungulia tundu. Severina ananiomba nichungulie, huku yeye akisimama njiani kutazama kama kuna mtu. Naye umekwisha kumtia wazimu.

Mwezi ujao tunarudi Lupaso. Nguzo yako inakusalimu.

R. Gama


Masasi
14 Septemba 1955

Fakihi,

Jana Lupaso mlango umeanguka. Severina alikuwa chini yake. Alikuwa na mtoto wa watu mikononi, akawahi kumsukuma kwa mama wa mtoto, na mtoto ni mzima. Severina amefia njiani tukimleta hospitali, nami ndiye niliyekuwa naendesha.

Mazishi ni Ijumaa alasiri, tunamngoja kaka yake kutoka Tunduru. Yohana anakuletea barua hii leo. Njoo. Hapa watani wangu ni Wayao na Wamakua, na wote ni ndugu zake, kwa baba na kwa mama, ni wafiwa, hawawezi kunifanyia utani. Niliye naye ni wewe. Njoo na ile sanda.

Reginald


Newala
15 Septemba 1955

Kwa mgane Gama,

Pole sana. Nilijua utanilipa, lakini nilitegemea ungelipa kwa akili yako, si kwa kuniigiza. Muda wote huo umekaa ukifikiri, na ulichopata ni kile kile changu: mtu amekufa, njoo, na sanda usisahau. Yohana amenikabidhi barua huku amenuna, uso ule ule niliomfundisha mimi alipokuletea ile ya Sikudhani. Nimemwambia anune kidogo zaidi, atafika mbali. Amenitazama, akapanda basi lake. Kwa kweli anajua kazi, mpe zawadi.

Lakini kumwua mke wa watu kwa barua, huoni haya? Ungejiua mwenyewe kama nilivyofanya mimi mwungwana. Msalimu marehemu. Mwambie akifufuka anipikie wali wa nazi, nitakuja kuula msimu wa korosho ukiisha. Sanda siileti, nilikwisha kukuambia kwamba hairudi.

Marehemu mwenzake,
Fakihi


Newala
24 Septemba 1955

Bwana Gama,

Jana mwalimu Nikolao wa Mkunya amepita karakanani kwangu. Alikuwa ametoka Masasi. Akaniuliza mbona sikuonekana msibani. Nikacheka, nikamwambia, "Hata wewe wamekununua?" Hakukasirika. Alikaa juu ya benchi langu la randa, akanieleza alivyokuwa amelibeba jeneza upande wa miguu, na jinsi binti yako Anjelina alivyokuwa ameshika kofia yako kwa sababu wewe hukujua umeiacha wapi. Kofia ndiyo iliyoniaminisha. Mtu hatungi kitu kama hicho.

Sina namna ya kuandika. Shemeji yangu amekufa kwa mti nilioukata mimi, nikauchonga mimi, nikausifu mimi. Nilijua unapasuka. Nilijua mapema kabisa, na barua ya kwanza ya kukuonya nikaitia kichwa cha Mngoni na mlango kubonyea, kwa sababu niliona aibu kukuandikia jambo la maana bila mzaha. Ningepanda basi. Ni safari ya asubuhi moja tu. Ningekuja nikaing'oa nguzo kwa mikono yangu, hata kama ungenicheka mbele ya kliniki nzima. Nilikuwa na kabati la Mhindi wa Tandahimba la kumaliza, nikaona kuandika kunatosha.

Na ile barua yangu ya mwisho. Naomba Mungu iwe imepotea. Kama haijapotea, naomba usiisome. Kama umeisoma, sijui niombe nini.

Mungu amrehemu Mama Anjelina.

Fakihi Chiwalala


Newala
8 Oktoba 1955

Bwana Gama,

Hujanijibu, na ni haki yako. Jumatatu nilikuja Masasi. Niliposhuka nikaona gari la Sista limesimama karibu na duka, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, kama watu waliokusudia usifunguliwe tena. Sikuthubutu kufika kwako. Kisha nikapanda basi lile lile nikarudi, na Yohana hakunitoza nauli wala hakunitazama.

Ndani ya kifurushi hiki kuna sanda uliyoniletea. Nimeifua na kuipiga pasi. Unajua na mimi najua kwamba mtani akichukua kitu harudishi, na akirudisha, utani wenyewe umekwisha. Nimelifikiri hilo. Lakini nimekudanganya kwa machozi ya uongo, nimekuonya kwa kicheko, nimeapa nawe hukuniamini, na uliponiita kwa kweli sikuamini mimi. Hakuna neno lililobaki katika kinywa changu ambalo wewe unaweza kulishika. Basi nakurudishia kitu. Hiki huwezi kudhani ni mzaha, kwa sababu hakuna mtani aliyewahi kufanya mzaha wa namna hii.

Sitakusumbua tena.

Fakihi Chiwalala


Masasi
15 Oktoba 1955

Fakihi,

Barua yako ya wali wa nazi haikupotea. Yohana alikaa nayo mfukoni asitake kunipa, nikamlazimisha. Tulikuwa tumetoka makaburini. Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko nikaisoma, na nilipofika mahali pa Yohana kununa kidogo zaidi, nikacheka. Nakwambia kweli, nilicheka kwa sauti, maana ilikuwa inachekesha. Nikageuka nimwite Severina aje aisikie. Nilikwisha kufungua mdomo kumwita. Tangu siku hiyo sikuweza kushika kalamu, na si kwa kukuchukia wewe.

Pini nimeing'oa. Ufa ulikuwa ndani ya tundu, kama ulivyoandika. Ningechungulia ningeuona, hata bila kuvaa miwani. Wewe uliniambia, nikasema ni mtani. Uliniapia, nikasema ni mtani. Haya, wewe ni mtani kweli, na nina la kujitetea. Lakini Severina alinisihi nikate gogo, na yeye, ingawa Myao, kwangu hakuwa mtani. Alikuwa mke wangu, na tangu nimwoe hakuwahi kunidanganya hata kwa jambo dogo la chumvi. Nilimjibu kwa kicheko nilichotakiwa kukuwekea wewe. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Wewe beba la mti na la basi ambalo hukupanda. Hili niachie mimi.

Siku ya mazishi kaburi lilichimbwa na hakuna mtani aliyeruka ndani kudai chochote. Hakuna aliyeiga mwendo wake, wala aliyemgombeza kwa kutuacha bila kupika. Ndugu zake walikuwa wananitazama, wanataka mtu afanye kitu watu wapate kupumua, na hakuna mtu. Sista Dorothy alitoa shuka la kitanda chake cha garini, ndilo tuliloshonea sanda. Lilikuwa na herufi za jina lake pembeni. Watu wanasema maneno mazuri tu hapa. Kazi ya Mungu, siku yake ilifika, usijilaumu. Nimechoka na maneno hayo. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniambia, "Wewe Mngoni, mkeo alikuomba gogo moja tu."

Sanda nakurudishia kwa mkono wa Yohana huyo huyo. Usinifanyie hivyo tena. Itundike pale pale ilipokuwa. Wewe mwenyewe uliandika itakaa mpaka mmoja wetu aihitaji, na mpaka leo si mimi wala wewe. Atakayetangulia, mwenziwe atakuja nayo, na atakuja hata kama anadhani anadanganywa. Hilo ndilo sharti jipya la utani wetu. Sina lingine.

Arobaini ni Jumamosi ijayo. Uje. Usije na pole, nyumba imejaa pole. Uje useme yale ambayo hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuyasema, uniseme mbele ya wakwe zangu wote, nami nitanyamaza nikusikilize. Kisha nitakusema na wewe. Na usiniite Bwana Gama, sijawahi kukukosea kiasi hicho.

Anjelina ameisoma barua yako hiyo ya wali, aliikuta mfukoni mwa koti langu. Nilidhani ataichana. Ameniuliza kama mtani wa baba anapenda wali uwe na nazi nyingi au kidogo. Hajawahi kuupika peke yake, kwa hiyo huenda utaungua. Utaula hivyo hivyo.

Mtani wako,
Reginald